Gome Halingoji Ruzuku

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kanada hufungwa tarehe 31 Machi. Gome la mti wa betula, lile linaloshonewa mapambo ya miiba ya nungunungu, hukubali kubanduka mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai hivi. Programu nyingi za sanaa kwa vijana wa Anishinaabe hukwama katikati ya tarehe hizo mbili. Maombi ya ruzuku yanaandikwa majira ya kuchipua, jibu linafika Septemba, fedha zinaingia benki Oktoba, na mratibu anatakiwa azimalize zote kabla ya Machi kwisha, yaani katika miezi ambayo gome limeng'ang'ania mti na theluji imefika magotini. Basi vijana wanapewa turubai na rangi za akriliki. Si kwamba walizichagua. Ni kwamba akriliki hupatikana dukani hata Februari.

Sina ugomvi na akriliki. Norval Morrisseau, mtu wa Ziwa Nipigon, alizitumia rangi za dukani kuonyesha mambo ambayo zamani yalikuwa kwenye magome na miamba: mistari minene myeusi, wanyama wanaoonekana hadi matumboni, nguvu zinazopita kati ya kiumbe na kiumbe. Maonyesho yake ya kwanza Toronto yalikuwa mwaka 1962, na mtindo alioanzisha ukawa skuli nzima ya uchoraji. Lakini kijana anayejua turubai peke yake amepewa nusu ya urithi, tena ile nusu ambayo angeweza kujipatia mwenyewe.

Kwa msomaji asiyewajua: Anishinaabe ni jina la pamoja la Waojibwe, Waodawa, Wapotawatomi, Waalgonquin na jamaa zao, wenyeji wa Maziwa Makuu. Nasema ya Amerika Kaskazini, si haya yetu ya Victoria na Tanganyika. Mpaka wa Kanada na Marekani umewapita katikati, kwa hiyo shangazi anaweza kuwa Ontario na mpwa wake Michigan, kila mmoja na sheria zake za biashara ya sanaa. Nitazungumzia zaidi upande wa Ontario, hasa Manitoulin, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyomo ndani ya ziwa la maji baridi.

Manitoulin kuna ushahidi kwamba programu ndogo huzaa wasanii wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Manitou Arts Foundation iliendesha kambi za kiangazi katika kisiwa kidogo cha Schreiber, na Blake Debassige wa M'Chigeeng, jamii ya Manitoulin, ni mmoja wa vijana waliopitia pale. Mwaka 1974 ikaanzishwa Ojibwe Cultural Foundation hapo hapo M'Chigeeng, na mwaka 1984 kundi la tamthilia la Debajehmujig. Daphne Odjig, aliyezaliwa Wikwemikong, kisiwani humo humo, mwaka 1919, alifungua katika mji wa Winnipeg duka la kuchapa na kuuza michoro, na huko ndiko walikokuwa wakikutana wasanii saba wenyeji walioanzisha chama chao mwaka 1973. Odjig hakungoja jumba la sanaa liwafungulie mlango. Alitafuta chumba, mashine na mahali pa kuuzia. Carl Beam, mwana mwingine wa M'Chigeeng, aliuza kazi yake kwa jumba la taifa la sanaa mwaka 1986, ikawa ya kwanza ya msanii wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji asilia wa Kanada, kununuliwa pale kama sanaa ya kisasa badala ya kuwekwa kwenye fungu la vitu vya kimila.

Gome kwanza

Ukipewa nafasi ya kupanga programu, anza na Julai kisha urudi nyuma. Siku moja ya msituni inatosha kwa vijana kumi na wazee wawili, ikiwa gari lipo na chakula kipo. Mti unaofaa una shina lililonyooka, kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, vifundo vichache, na vile vistari vya mlalo kwenye gome viwe vifupi. Kabla ya kukata kipande kikubwa, kata kidogo cha kiganja na ukikunje kwa urefu na kwa upana. Kikipasuka au tabaka zikiachana, uache mti huo uendelee na maisha yake.

Tumbaku, yaani asemaa, huwekwa chini ya mti kabla kisu hakijagusa kitu. Hii haifanywi kama maonyesho kwa wageni. Ni sehemu ya kazi, na mzee ndiye anayeonyesha. Kisha kisu kinapita wima, kikikata tabaka la nje tu. Gome likiwa limeiva kwa msimu, linaachia lenyewe kwa mlio, na mikono miwili inatosha kulizungusha. Hapa ndipo vijana wenye haraka huharibu: wanakandamiza kisu hadi tabaka la ndani, na mti uliokatwa tabaka la ndani kuzunguka shina lote hufa. Ukilazimika kutumia nguvu, maana yake umekuja mapema au umechelewa. Rudi nyumbani.

Gome hulazwa siku hiyo hiyo kati ya mbao mbili na kuwekewa mawe. Likiachwa wazi usiku mmoja linajikunja, na kulikunjua baadaye kunahitaji maji ya moto na uvumilivu ambao darasa la vijana halina. Likilazwa vizuri, pakavu na kivulini, linakaa miaka. Kwa hiyo Julai moja yaweza kulisha darasa majira mawili ya baridi, na mratibu akapona na kalenda ya wafadhili. Kuhusu kiasi: kila mwanafunzi anahitaji mduara wa sentimita 10 wa kufanyia kazi, mwingine wa kufunika mgongo, na miwili ya akiba. Kwa vijana kumi ni miduara 40. Kipande cha sentimita 60 kwa 90 kinatoa miduara 54 kwa hesabu ya karatasi, lakini ukitoa vifundo na kingo mbovu utapata kama 35. Chukua vipande viwili.

Nungunungu

Nungunungu wa huko si kama huyu wetu mwenye mishale mirefu ya mistari. Ni mnyama mfupi, anayepanda miti, na miiba yake ni ya sentimita chache tu, mirefu kabisa ikikaribia 10, myeupe yenye ncha nyeusi. Mmoja ana miiba kama 30,000, kwa hiyo mnyama mmoja aliyegongwa na gari barabarani anatosha darasa zima na bado yabaki. Wengi hupatikana kwa njia hiyo. Asiwe amelala juani zaidi ya siku moja, na kama hakuna nafasi ya kumchuna leo, awekwe kwenye friza akiwa amefungwa mifuko miwili. Friza kubwa ya mlalo ni kifaa cha sanaa. Iandike kwenye bajeti bila aibu.

Miiba hung'olewa kwa glavu nene, ikivutwa kufuata ilikoelekea, kidogo kidogo. Nywele ndefu za mgongoni zisitupwe, kwani wacheza ngoma wanaume hutengenezea kilemba cha kichwani. Miiba huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mara tatu au zaidi, mpaka maji yaache kuwa na mafuta. Darasa likiruka hatua hii kwa sababu ya harufu au uvivu, rangi itashika kwa mabakamabaka na watu watailaumu rangi. Baada ya kukauka, miiba hupangwa kwa unene katika makopo matatu: minene ya mgongoni, ya kati, na myembamba. Upangaji unachosha, na wakufunzi wengi huufanya wenyewe usiku ili darasa lianze na kitu cha kupendeza. Naona hilo ni kosa. Kijana aliyepanga miiba kwa saa mbili anajua kwa vidole ni upi utakaopita kwenye tundu lipi.

Kutia rangi, maji yawe moto bila kuchemka. Mwiba uliochemshwa hulainika na kupoteza mng'ao wake, hata ukikauka haurudi. Rangi za nguo za dukani na kijiko cha siki zinatosha kwa wanaoanza.

Kushona sasa. Umbo huchorwa kwenye gome kwa penseli, kwa kufuatisha kipande cha kadibodi. Miiba mitano au sita hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi ikubali kupinda. Tundu hutobolewa kwa sindano nene yenye mpini, ya aina ya fundi viatu, na tundu liwe dogo kuliko mwiba. Ncha ya mwiba hupitishwa kutoka mbele, ikavutwa kwa nyuma kwa kibano, kisha mwiba hulazwa juu ya umbo na ncha ya pili ikaingia tundu la upande wa pili. Nyuma, ncha zote mbili hukunjwa zilale. Gome likikauka, tundu linajibana na kuushika mwiba bila gundi yoyote.

Mambo matatu huharibika karibu kila darasa. La kwanza, matundu yanapangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kufuata vile vistari vya gome, na gome linachanika hapo kama stempu. Dawa yake ni kuyapishanisha, moja juu kidogo, moja chini kidogo. La pili, mwiba unaachwa majini muda mrefu kijana akizungumza na simu yake. Unavimba, unashonwa ukiwa umevimba, unakauka, na wiki ijayo unachezacheza kwenye tundu. La tatu ni la hatari: ncha nyeusi zina vijino vidogo visivyoonekana, na ncha ikiingia kwenye ngozi inasonga mbele, hairudi nyuma. Kila meza iwe na kopo lenye mfuniko la kutupia ncha zilizokatwa, na mtu wa kufagia awe na viatu. Duara likikamilika, linafunikwa mgongo kwa gome la pili na ukingo unazungushiwa wiingashk, yale majani yenye harufu tamu, yakishonwa kwa uzi. Wiingashk huvunwa Julai na Agosti. Kalenda ile ile tena.

Theluji ikishaanguka

Majira ya baridi yana kazi yake, na ruzuku ya Oktoba hadi Machi ikitumiwa kwa kazi hiyo haina ubaya wowote. Simulizi kubwa za kimila, aadizookaanag, kwa desturi husimuliwa wakati ardhi ina theluji tu. Kwa hiyo Januari mzee husimulia huku mikono ya vijana ikishona shanga, na michoro inayotokana na simulizi hizo hufundishwa wakati wake unaoruhusiwa. Yapo maumbo ya ibada na ya koo ambayo hayanakiliwi kwa ajili ya kuuza. Orodha yake haipo kwenye karatasi. Mzee wa mahali pale ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kabla ya kadibodi kukatwa.

Shanga za kioo zinazopendwa ni za Cheki, kutoka nchi ile ile inayowauzia shanga akina mama wa Kimaasai wa Kajiado na Longido. Kwa maua ya Kianishinaabe hutumika namba 11 au 13, na namba ikipanda ushanga unapungua. Kushona ni kwa sindano mbili: ya kwanza inabeba shanga kwenye uzi, ya pili inaukandamiza uzi huo kwenye kitambaa kila baada ya shanga mbili au tatu. Mwanafunzi anayekandamiza kila baada ya shanga tano ili amalize upesi hupata petali zenye kona. Nyuma ya mahameli au sufu iwekwe karatasi ngumu au felti, la sivyo kitambaa kinakunjamana. Na mratibu anunue shanga za rangi moja kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa nyekundu ya Novemba na nyekundu ya Februari, hata zikiwa na namba ile ile kwenye pakiti, si lazima zifanane.

Walimu wa kazi hizi ni wachache, na sababu inajulikana. Sheria ya Kanada ilipiga marufuku baadhi ya ibada za wenyeji kuanzia 1884 hadi 1951, na shule za bweni kama zile za mji uitwao Spanish, ng'ambo ya maji kaskazini mwa Manitoulin, ziliwachukua watoto kutoka kwa mabibi zao hadi miaka ya 1960. Ndiyo maana kijana wa leo mara nyingi hafundishwi na mama yake mzazi. Anafundishwa na bibi wa jirani mwenye umri wa miaka 75, ambaye macho yamechoka na haendeshi gari usiku. Bajeti inayomjali bibi huyu ina taa ya meza yenye mwanga mweupe, kiti chenye egemeo, dereva, na darasa la saa saba mchana badala ya saa moja jioni. Anaombwa kwa tumbaku mkononi, si kwa barua pepe. Na bahasha yake ya posho iwe tayari siku ile ile. Ofisi za fedha hupenda kumpa fomu tatu na kumlipa baada ya wiki sita, na asipokuja tena watu husema amechoka. Hajachoka. Ameona anavyothaminiwa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, kijana au mzee, aulizwe kama anapokea msaada wa serikali, maana malipo yanaweza kuupunguza, naye ndiye mwenye haki ya kuamua.

Akishajua kushona

Hatua ambayo wafadhili wengi huiacha ni ile kati ya warsha na riziki. Kijana ana kazi kumi nzuri, hana bei, hana picha, hana hati.

Chukua hereni za shanga zilizomchukua saa sita. Kima cha chini cha mshahara Ontario tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa, kwa hiyo kazi ni dola 105.60. Tuseme vifaa ni dola 9. Jumla 114.60, na hapo hajapata faida yoyote. Sasa duka linasema litachukua asilimia 40. Kijana anaongeza asilimia 40 juu ya bei yake, anaandika 160.44, na duka likikata fungu lake anabaki na dola 96.26. Amepoteza zaidi ya dola 18 kwa kila jozi, naye anadhani amejilinda. Hesabu sahihi ni kugawanya: 114.60 kwa 0.6, bei ni dola 191. Akiona hakuna atakayenunua kwa 191, anayo majibu mawili ya heshima: kubuni hereni za saa tatu, au kuuza mwenyewe kwenye pow-wow za kiangazi, yaani mikusanyiko ya ngoma za wenyeji, bila duka katikati. Kushusha bei ya hereni za saa sita hadi 60 kunamuumiza yeye na kila bibi anayeuza meza ya pili.

Kwenye maonyesho, mambo ni mengine. Sheria ya hakimiliki ya Kanada inampa msanii haki juu ya kuonyeshwa hadharani kwa kazi aliyoitengeneza baada ya 7 Juni 1988, pale ambapo maonyesho hayalengi kuuza wala kukodisha. Chama cha wasanii CARFAC hutoa kila mwaka viwango vya chini vya malipo hayo. Programu ya kijamii inayoning'iniza kazi za vijana ukumbini na kuwalipa kwa vitafunwa inawazoesha kudharauliwa mapema. Kama fedha ni chache, onyesha wasanii wanne wanaolipwa kuliko ishirini wasiolipwa.

Hati zianze na kazi ya kwanza. Mwezi Machi 2023 polisi wa Ontario waliwashtaki watu wanane katika kesi ya kughushi michoro ya Morrisseau, na kazi zaidi ya 1,000 zilikamatwa. Penye kumbukumbu hafifu, mghushi hujaza pengo. Kwa kijana inatosha daftari moja na simu: namba ya kazi, tarehe, vipimo, vifaa, gome lilitoka eneo gani, nani alinunua, na picha ya mbele na ya mgongo. Picha ipigwe karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, juu ya kitambaa cha kijivu, bila fleshi, kwa sababu miiba iliyokauka inang'aa na fleshi huichoma ikawa doa jeupe. Picha ya mgongo ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayoonyesha mkono wa fundi.

Anayeuza upande wa Marekani aelezwe mawili. Sheria ya 1990 inafanya kuwa kosa kuuza kitu kwa kudai ni kazi ya Mhindi Mwekundu wakati sivyo, na inaangalia uanachama wa kabila linalotambuliwa huko, kwa hiyo msanii wa Kanada aandike wazi taifa lake na nchi yake. Pili, manyoya ya tai na ya ndege wahamao hayauzwi kabisa, hata yakiwa madogo kwenye pambo.

Kuna malighafi moja inayoondoka. Mdudu wa kijani anayekula miti ya ash aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Mabuu wake huchimba chini ya gome na kukata njia ya maji ya mti. Ash mweusi, ambaye gogo lake hupigwa nyundo mpaka pete za ukuaji ziachane na kuwa kindu za kusukia vikapu, anakufa kwa misitu mizima. Kelly Church, msusi wa Michigan aliyetunukiwa tuzo ya taifa ya urithi mwaka 2018, amekuwa akifundisha kusuka na kukusanya mbegu kwa pamoja. Kwa maeneo ambako ash bado wapo, ningeweka darasa la vikapu mbele ya jingine lolote, na kila kijana aliyepewa kindu akatwishwa pia bahasha ya mbegu za kuhifadhi.

Na ikitokea, kama itakavyotokea, kwamba wiki ya pili ya Machi bado kuna dola elfu nne ambazo lazima ziondoke, zisiende kwenye fulana zenye nembo. Nunua vinavyokaa: shanga za namba 11 kwa kilo, sindano za namba 12, uzi, ngozi iliyokaushwa kwa moshi kutoka kwa fundi wa jamii ile ile, taa za meza, vibano, sindano nene kumi na mbili, na ile friza. Lipia ukumbi mapema kama mfadhili anaruhusu. Kama kuna wazee watakaoongoza safari ya gome, waombe Machi hiyo hiyo wafundishe kuchagua mti na kunoa visu, wakilipwa siku hiyo, halafu andika kwenye kalenda ya ukutani wiki ya mwisho ya Juni, kwa penseli, kwa kuwa hali ya hewa ndiyo itakayosema siku yenyewe.